Filamu ya Machungwa na Kitenge cha Shakila

Usiku ule tulikaa wanawake wanne katika chumba cha Shakila, nyuma ya sinema yake ya mbao, hapa Majengo, mjini Goma. Alikuwapo Shakila mwenyewe, Perpétue anayeuza jibini ya Masisi, Bibiche msusi, na mimi. Telefone tuliiweka juu ya kiti, peke yake, kama mgeni, na sisi tukakaa chini kwenye mkeka. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka 2012. Vita vilikuwa vimefika Rutshuru. Mchana dereva mmoja alikuwa amepiga telefone kwamba alipita Kalengera akaona malori mawili yanaungua kando ya barabara, na kwa jinsi alivyokuwa anakimbia hakutambua ni ya nani. Lori la Abdoul, mume wa Shakila, lilikuwa Kalengera likipakia maharagwe. Tangu saa ile telefone ya Abdoul haikuita tena.

Hakuna aliyelitaja neno ambalo sote tulikuwa nalo mdomoni. Perpétue alichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Bibiche alimsuka Shakila nywele, na akifika mwisho wa mstari anaufumua na kuanza upya, ili kazi isiishe. Mimi niliangalia mlango. Nina watoto watano, na tangu vita vya kwanza macho yangu hayajui kazi nyingine.

Kisha Shakila akasema, bila kugeuza kichwa, "Mama Ushindi, sema tena ile maneno yako ya ule dereva wa machungwa."

Niliendelea kuangalia mlango.

"Sema. Kila alhamisi ulikuwa unasema na sauti kubwa. Leo sauti imeenda wapi?"

Msomaji hawezi kuelewa kwa nini sikujibu mpaka nimweleze kwanza Shakila ni mtu wa namna gani, na filamu ile ilikuwa filamu gani.

Shakila ni binti wa familia ya Maniema. Baba yake alitoka Kindu na marobota ya vitambaa, akafungua duka katikati ya mji wa Goma. Alimsomesha binti yake mpaka sekondari, vita vya mwaka 1996 vikafunga shule. Kifaransa alichokipata hakikumpa kazi ya ofisi. Kilikaa tu ndani yake, kama sufuria kubwa inayongoja sherehe. Katika vita vya pili aliolewa na Abdoul, mwanaume mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Mtoto hawakupata. Mama mkwe alisafiri kutoka Maniema kuja kumwambia mwanawe atafute mke mwingine. Abdoul alimsikiliza kwa heshima, akamsindikiza mama yake mpaka uwanja wa ndege, akaenda safari yake ya kazi, na aliporudi alimletea Shakila televizio.

Ni televizio hiyo aliyoibeba kichwani Januari 2002, mlima wa moto wa Nyiragongo ulipopasuka. Tulikimbia pamoja kuelekea Gisenyi, moto ukiteremka kutoka upande wa Munigi nyuma yetu. Watu walibeba magodoro, masufuria, wazee wao. Shakila alikuwa ameifunga televizio kwa kitenge cha kijani chenye picha za kuku wa manjano. Karibu na mpaka mwanaume mmoja akamwambia, "Mama, ule muji tunaenda, utaichomeka wapi?"

Shakila akamtazama. "Na wewe umebeba jogoo. Atawika kwa kuamusha nani?"

Watu walicheka, na moto uko nyuma yetu. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, nikacheka mimi pia. Toka siku ile nilimpenda.

Tuliporudi, duka la baba yake lilikuwa chini ya mawe meusi. Abdoul akanunua mbao na mabati, wakajenga sinema hapa Majengo juu ya mawe yaleyale. Mwanzoni yalikuwa bado na joto, na tulikuwa tunavua viatu tukiingia, kwa raha tu ya miguu. Siku nyingine ilikuwa sinema ya wanaume: mpira, na filamu za kupigana. Alhamisi saa tisa ilikuwa yetu wanawake. Abdoul alileta diski kutoka safari zake, na Shakila alisimama kando ya televizio akisoma maandishi ya Kifaransa yanayopita chini na kutuambia kwa Kiswahili chetu. Akisema kizee, sauti inatetemeka. Akisema mtoto, unatafuta mtoto yuko wapi. Wengi wetu hatukusoma, na wale tuliosoma kidogo, maandishi yale yalitukimbia. Bila yeye tungeona midomo tu ikifunguka.

Abdoul alikuwa na sharti moja. "Mambo ya kitanda yafunike. Batasema juu yangu kwenye musikiti." Basi ikawa desturi ya pale. Watu wa kwenye filamu wakianza kufungua vifungo, Shakila alikitupa kile kitenge cha kuku juu ya televizio, akaipa mgongo, akatukabili sisi na kusema kwa sauti kubwa kuliko jenereta, ili tusisikie hata pumzi: "Haya, chumvi imepatikana kwenye soko? Bibiche, ule mutoto wa kukohoa amepona? Perpétue, ng'ombe za kaka yako ziko namna gani?" Perpétue alisimama na kujibu habari za ng'ombe, mmoja mmoja. Shakila akisikia muziki umebadilika, anakivuta kitenge, tunaendelea. Hakuna aliyechungulia, na yeye mwenyewe hakuchungulia.

Filamu ya machungwa Abdoul aliipata Bunagana, diski tupu isiyo na picha wala jina. Watu wake walizungumza Kihispania. Kulikuwa na mwanamke mwenye gauni la kijani anayepangisha vyumba katika nyumba yenye ngazi ndefu, na dereva wa lori la machungwa aliyekuja kulala usiku mmoja. Walipendana. Lakini filamu haikuanza hapo. Ilianza na mazishi, sanduku limefungwa, mwanamke hatoi machozi. Kisha dereva yumo jikoni anamenya chungwa. Kisha ndiyo kwanza wanakutana, yeye anauliza bei ya chumba. Kisha mwanamke ana mvi. Kisha hana.

Mara ya kwanza Bibiche alipiga kelele, "Diski inaruka! Ipanguse!"

Shakila aliitoa, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akairudisha. Ikaenda vilevile: mazishi, chungwa, bei ya chumba. Tukaipangusa tena. Alhamisi iliyofuata ndipo tulipokubali kwamba diski ni nzima, na kwamba mtu aliyeitengeneza alitaka iwe hivyo.

Tungeweza kuitupa. Badala yake ilitushika, tukawa tunairudia karibu kila alhamisi, mwaka mzima. Mimi nimeona filamu nyingi pale, na nyingi nilizisahau kabla ya kufika nyumbani, lakini hii nililala nayo. Kulikuwa na namna ya mkono wa mwanamke kupita juu ya meza kuokota ganda la chungwa, na mkono wa mwanaume uko karibu, na haigusani. Hakuna nguo iliyofunguliwa hapo, Shakila hakuwa na sababu ya kufunika, lakini sinema nzima iliacha kukohoa. Perpétue, mama wa watu wazima, aliniminya paja. Na mwisho wake: mlango unagongwa, mwanamke anashuka ngazi polepole na gauni lile la kijani, anashika kitasa, na giza. Hatuoni nani yuko nje.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza, na ulikuwa mtamu kuliko harusi. Baada ya filamu tulibaki nje juu ya mawe, kila mmoja na hukumu yake.

Bibiche alisema filamu ni nzuri kwa sababu haiko sawa. "Ni kama kusuka. Miye naanza katikati ya kichwa, unasema ninakuharibu. Ngojea nimalize, halafu uchukue kioo."

Perpétue alisema mwanamke naye amekufa, tena zamani. "Mumeona anakula? Ni machungwa tu. Mutu muzima anakula machungwa tu? Hata fufu hakuna?"

"Ni Wazungu," Bibiche akasema.

"Hata Mzungu anakula kiazi!"

Mzee Jumaine, anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, ukuta kwa ukuta na sinema, alikuwa anatuonya kila alhamisi. "Filme haina mwanzo, haina mwisho, na mwanamuke hana bwana. Ni uchafu." Lakini siku moja Perpétue alikosea akasema dereva alifika na mvua, na mzee akainuka juu ya magunia yake: "Mvua wapi? Ilikuwa jua! Mvua ni siku ya mazishi." Tulimkodolea macho. Akajifanya anatafuta upawa. Kumbe kuna tundu kwenye ubao. Kuanzia hapo Shakila alimtolea kiti nje ya mlango, na yeye akakikalia akiwa ametupa mgongo, akisikiliza.

Mimi nilikuwa na hukumu yangu, na niliishikilia. Nilisema dereva amekufa tangu mwanzo, na yule wa jikoni ni kivuli tu. Ushahidi wangu ulikuwa mmoja. "Mutu muzima akiingia nyumba, anapewa karibu. Ule ametoka barabarani, ameingia jikoni, amechukua kisu, hakuna mutu amemwambia karibu. Maiti tu ndiyo inaingia bila karibu."

Wote waliniangalia siku niliposema hivyo. Hata Mzee Jumaine aligeuka. Shakila peke yake alikataa. "Eko muzima," alisema. "Sijui kwa nini hakupewa karibu, lakini eko muzima. Mwanamuke hawezi kushuka ngazi namna ile kwa ajili ya maiti." Abdoul, akiwa nyumbani, alicheka mlangoni: "Mama Ushindi, siku nikiingia kwako, unipe karibu mbiombio!"

Hayo ndiyo maneno ambayo Shakila alinitaka niyarudie usiku ule, na telefone iko kimya juu ya kiti.

Nilisema, "Labda sikuona muzuri. Labda ule dereva eko muzima."

Perpétue akadakia, "Eko muzima! Mimi pia nimefikiri sana. Wote beko bazima."

Shakila akauvuta mkono wa Bibiche kutoka kichwani mwake, akatugeukia. Sijawahi kumwona na uso ule, hata mbele ya moto. "Musinibadilishie filme. Mwaka muzima munasema amekufa, amekufa. Leo amefufuka kwa ajili ya nini? Kwa ajili munanihurumia? Mukianza kunidanganya nyinyi, nitamuuliza nani kweli?"

Akasimama. "Tunaiangalia," akasema.

Jenereta ilikuwa na mafuta kidogo. Tulikaa watatu kwenye benchi la mbele, katika ukumbi mtupu, na yeye akasimama mahali pake na kutusomea, kwa sauti ndogo. Mazishi. Chumba. Kisha tukafika pale ambapo mwanaume anakaa kitandani na mwanamke anafunga mlango, na Shakila, kwa mazoea, tayari alikuwa na kitenge mkononi.

Perpétue akasema, "Wacha leo. Tuko batu bazima."

"Nilimuahidi Abdoul."

"Basi akirudi atugombeze," Perpétue akasema. "Natamani sana atugombeze."

Kitenge kikabaki mkononi.

Tulikuwa tumejiandaa kwa aibu. Tuliona mwanaume mwenye vumbi kwenye nywele, amechoka hadi mabega yamelala. Mwanamke akapiga magoti mbele yake, akafungua kamba za viatu vyake, taratibu, kimoja, halafu kingine. Akavivua. Akaushika unyayo wake kwa mikono miwili kama mtu anayepima joto la mtoto. Kisha akainuka, akaweka mdomo kwenye sikio lake, akasema neno. Maandishi yakapita chini.

Shakila hakusoma.

"Anasema nini?" Bibiche akanong'ona.

"Iko inasema..." Shakila akakikunja kitenge mkononi. "Iko inasema, *karibu nyumbani*."

Baada ya hapo yalikuja yale mambo ambayo Abdoul aliyakataza, na nitasema tu kwamba yalikuwa mazuri na hakuna aliyeangalia pembeni. Kisha asubuhi ya filamu ikafika, dereva akaingia jikoni, akachukua kisu, akamenya chungwa, na hakuna aliyemkaribisha, kwa sababu alikwisha kukaribishwa. Mwaka mzima neno lile lilikuwa pale, nyuma ya kuku wa manjano, na sisi tunaulizana habari za ng'ombe.

"Mama Ushindi," Shakila akasema, "umeona?"

"Nimeona."

"Haya sasa badilisha. Sasa uko na haki."

Jenereta ikazimika kabla filamu haijafika kwenye ile ngazi ya mwisho. Tulirudi chumbani gizani. Telefone haikulia.

Kuipenda filamu si kujua habari za barabara ya Rutshuru, na kesho yake tulibaki palepale. Watu waliokimbia vita walifika mjini kwa miguu na hawakumwona. Mmoja alisema lori lililoungua lilikuwa la bluu, mwingine akasema jeusi, na kila gari lililoungua ni jeusi. Shakila alikuwa na jambo moja alilowauliza wote: kama wameona mwanaume mwenye viatu vya buti vilivyofungwa kwa kitambaa cha kijani. Kamba za Abdoul zilikuwa zimekatika asubuhi ya safari, na yeye alikata pindo la kitenge cha kuku akamfungia kwa mkono wake. Walitikisa vichwa. Alisema asante, akarudi ndani.

Lakini sinema aliifungua kila siku. Mpira ulionyeshwa. Alhamisi ya kwanza ilipofika alisimama kando ya televizio akatusomea filamu nyingine, ya kuchekesha, na alisema kizee kwa sauti ya kizee na mtoto kwa sauti ya mtoto. Nilikuwa namwangalia yeye, siyo filamu. Alikuwa amekonda shingo. Nilienda nyumbani nikawaambia wanangu kwamba nimemwona mtu mwenye nguvu kuliko wanajeshi wote waliopita Goma, na nimewaona wengi.

Alhamisi ya pili tulifika saa tisa, tukakuta mlango umefungwa.

Haukuwahi kufungwa alhamisi. Kufuli haikuwapo nje, kwa hiyo ulikuwa umefungwa kwa ndani. Wanawake walisimama na mikeka yao mikononi, hawataki kuitandika. Nilifikiri: habari zimefika, na mbaya, na yuko peke yake humo.

"Muzee," Perpétue akamwambia Mzee Jumaine, "Shakila eko wapi? Kuna nini?"

Mzee alikuwa juu ya magunia yake ya makala, ameinua uso mbinguni. "Naangalia mwezi," akasema. "Mufungo uko karibu."

"Mwezi saa tisa ya mchana?"

"Kila mutu aangalie mwezi wake," mzee akasema, na hakushusha uso.

Nilizunguka nyumba. Upande wa chumba kuna dirisha dogo lisilo na pazia, tangu sinema ijengwe. Siku ile lilikuwa na pazia. Kitenge cha kuku kilikuwa kimetundikwa hapo kwa haraka, juu chini, kuku wote wamesimama kwa vichwa. Na chini ya dirisha, juu ya mawe meusi, kulikuwa na buti mbili zilizochanika, zimejaa tope kavu. Kamba zake zilikuwa pindo la kijani. Mtu alikuwa amezifungua vizuri, taratibu, na kuviweka viatu sambamba.

Nilirudi mbele. Perpétue aliniangalia akafikiri mabaya, maana nilikuwa nalia. Nikamshika mkono nikampeleka akaone, na Bibiche akafuata. Bibiche alifungua kinywa apige vigelegele, Perpétue akamziba kwa kiganja.

"Nyamaza! Kesho kutwa mufungo. Waache batu bafanye haraka yao."

Walicheka wakiwa wameshikana, bila sauti, mpaka mikeka ikaanguka. Mimi nilikuwa na deni la neno moja. Nikasogea kwenye ukuta wa mbao, nikaweka mdomo karibu na ufa.

"Papa Abdoul," nikaita, "karibu!"

Kitu kilianguka ndani, kama bakuli la bati. Kisha kile kicheko kikubwa, kilichokauka kidogo, lakini chenyewe.

"Aksanti, mama Ushindi. Nimekwisha karibia!"

Sasa Bibiche hakuzibika. Wanawake wote wa alhamisi walipiga vigelegele mpaka watoto wakatoka vichochoroni, na Mzee Jumaine alikuwa anajifuta macho akilaumu vumbi la makala yake. Kisha, juu ya kelele zetu, tukasikia sauti ya Shakila kutoka nyuma ya kitenge, sauti yake ya kazi, kubwa kuliko jenereta:

"Haya, wamama! Chumvi imepatikana kwenye soko? Perpétue! Ng'ombe za kaka yako ziko namna gani?"

Perpétue akatandika mkeka wake juu ya mawe, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akaanza kuelezea ng'ombe mmoja mmoja, kwa sauti ya kufika Munigi. Sote tukakaa kumsikiliza, na mlango ukabaki umefungwa.